Rifleta zihamie miguuni, kwa maana jicho humtambua mtu kwa mwendo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu watu wanaotembea kandokando ya barabara za Dar es Salaam kabla hakujapambazuka na baada ya jua kuzama. Vile vitambaa vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari, ambavyo kwa maandishi tunaviita viakisi mwanga na mitaani tunaviita rifleta, tumevishona mahali ambapo vinamsaidia mvaaji kwa kiasi kidogo kuliko ambavyo vingeweza. Tumeviweka kifuani na mgongoni, ilhali jicho la binadamu humtambua mtu kwa viungo vyake vinavyocheza, yaani vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vifundo vya mikono.

Kilichonisukuma kuandika ni safari ya alfajiri moja ya mwezi Juni, nilipopewa lifti na kijana wa jirani yangu anayeendesha kirikuu kupeleka mboga katika soko la Mabibo. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, nasi tulikuwa kwenye kipande kisicho na taa cha barabara itokayo Goba kwenda Mbezi. Mbele yetu, ukingoni upande wa kushoto, nikaona mraba wa rangi ya kijani inayowaka, umetulia kama kibao. Nikadhani ni pipa lililofungwa kitambaa, kama yale yanayowekwa penye matengenezo ya barabara, na kijana naye alidhani hivyohivyo, kwa kuwa hakuondoa mguu kwenye mafuta. Tulipokaribia ndipo ule mraba ulipoota kichwa na mikono: alikuwa mama mfagia barabara, ameinama na fagio lake, kizibao chake kikiwa kipya kabisa. Kijana alikata usukani kwenda kulia, na namshukuru Mungu kwamba upande wa pili hapakuwa na gari.

Tulikuwa bado hatujatulia mioyo tulipoona, mbali zaidi, nukta mbili ndogo nyeupe chini kabisa karibu na lami, zikipokezana: moja ikienda mbele nyingine ikibaki, moja ikipanda nyingine ikitua. Nguo hatukuiona, wala kichwa, wala mkono. Hata hivyo kijana alisema papo hapo, "Mwalimu, kuna mtu anatembea pale," akapunguza mwendo mapema. Alikuwa mwanamume aliyevaa suruali nyeusi na koti jeusi, na zile nukta zilikuwa vipande vya rifleta kwenye visigino vya raba zake, bila shaka za mtumba.

Basi mtu mwenye kitambaa kikubwa cha kung'aa tulimdhania pipa, na mtu mwenye vipande viwili visivyozidi ukubwa wa kucha ya dole gumba tulimtambua tangu mbali. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na sababu ya jambo hili nilikuwa naijua tangu zamani. Nasikitika kwamba niliijua miaka yote hiyo kama somo la darasani tu, nisiwahi kuifikiria kama habari ya barabarani.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alichapisha majaribio ambayo mpaka leo yanarudiwa duniani kote. Aliweka nukta za mwanga kwenye viungo vikuu vya mwili wa mtu, kumi au kumi na mbili hivi, kuanzia mabegani, viwikoni na nyongani hadi magotini na kwenye vifundo vya miguu, kisha akampiga picha za sinema kwa namna ambayo hakuna kilichoonekana isipokuwa nukta hizo. Mtu akiwa ametulia, watazamaji waliona nukta zilizotawanyika zisizo na maana yoyote. Mara alipoanza kutembea, waliona mtu anayetembea, na wala hawakuhitaji kufikiri. Miaka michache baadaye Johansson alionyesha kwamba sehemu ya tano ya sekunde inatosha kwa mtazamaji kumtambua mtembeaji. Mfaransa Étienne-Jules Marey, aliyekuwa mtaalamu wa fiziolojia, alikuwa amemvika mtu nguo nyeusi zenye mistari inayong'aa tangu miaka ya 1880 ili apime hatua zake, lakini ni Johansson aliyeuliza jicho la mtazamaji linafanya nini na nukta hizo.

Naomba msomaji alipime hilo kwa kipimo cha barabara. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde, kwa hiyo katika sehemu ya tano ya sekunde linakuwa limesogea mita zisizofika tatu. Dereva anayelazimika kujiuliza "kile ni kitu gani?" kwa sekunde mbili tu amekwisha kula mita 28 kabla mguu wake haujagusa breki. Taa za chini za gari la kawaida humulika vizuri umbali wa mita 40 hadi 60 hivi. Anayebaki kati ya hesabu hizo mbili ndiye yule mama mwenye fagio.

Niliwahi kulifanya jaribio la Johansson na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia jioni moja. Tulichana kizibao chakavu cha rifleta, tukakata vipande vidogo, tukavibandika kwa gundi ya karatasi kwenye viungo vya kijana mmoja aliyevaa nguo nyeusi, kisha tukafunga madirisha kwa mapazia na maboksi. Jambo la kuzingatia ni kwamba tochi lazima ishikwe pembeni mwa jicho, usawa wa shavu, kwa sababu kitambaa cha namna hii kimejaa chembe ndogo mno za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka, na mtu aliyesimama kando haoni kitu. Kijana alipokaa kimya kwenye kiti, wenzake walisema wanaona nyota. Aliposimama na kupiga hatua ya kwanza, darasa zima lilipaza sauti pamoja. Tukawabadilisha watembeaji bila kutangaza nani ni nani, na wanafunzi wakaanza kuwataja kwa majina. Hata yule aliyeumia mpirani wiki ile, walimtaja jina na kutaja mguu unaomuuma.

Hilo la kutaja majina halikuwa la kubahatisha. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski wa Marekani walionyesha kwamba marafiki wanaweza kutambuana kwa nukta hizo peke yake, si bila makosa, lakini kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatushangai sana, maana lugha yetu imejaa majina ya miendo: mtu ananyata, ananyemelea, anachechemea, anapepesuka, anakwenda kwa madaha, anakwenda aste aste, anatembea kwa mikogo. Bibi aliyeketi barazani humwambia mjukuu, "Yule anayekuja ni mjomba wako," wakati uso wa mjomba bado hauonekani, na mtoto aliyezaliwa baba akiwa safarini huambiwa amechukua mwendo wa baba yake.

Linalonigusa zaidi ni kwamba uwezo huu hatuufundishwi. Mwaka 2005 watafiti wa Italia, Giorgio Vallortigara, Lucia Regolin na mwenzao, waliwatumia vifaranga walioanguliwa gizani, ambao walikuwa hawajaona kitu chochote chenye uhai. Waliwaonyesha nukta zinazokwenda kama viungo vya kuku anayetembea, na upande mwingine nukta zilezile zikienda ovyo au zikisogea kwa pamoja kama kitu kigumu. Vifaranga waliufuata mwendo wa kiumbe hai. La ajabu ni kwamba hata nukta zilipokuwa za paka, adui yao mwenyewe, walizifuata pia: kifaranga hazaliwi akiwa anamjua kuku, bali anazaliwa akijua namna kitu chenye uhai kinavyokwenda. Mwaka 2008 mmoja wao, Regolin, pamoja na watafiti wengine waliwaonyesha watoto wachanga wa binadamu, wenye umri wa siku mbili tu, nukta za kuku anayetembea, na wachanga hao walizitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko nukta zilizochanganywa. Paka nao walijaribiwa huko Marekani mnamo 1993, wakaweza kuutofautisha mwendo wa mnyama na nukta za ovyo. Mtu aliyefuga kuku na paka katika ua mmoja atakuwa ameyaona haya kwa macho yake: paka hulala asijali jani linalopeperushwa na upepo, lakini mjusi akisogeza mguu mmoja tu ukutani, masikio yamekwisha simama.

Kuna utafiti mmoja ambao kwa barua hii ndio wenye uzito kuliko yote. Mwaka 2006 Nikolaus Troje na Cord Westhoff walichanganya nukta kiasi kwamba umbo la mwili lilipotea kabisa, na bado watazamaji waliweza kusema kiumbe anaelekea kulia au kushoto. Picha ilipopinduliwa juu chini, uwezo huo ulitoweka. Walipochunguza ni nukta zipi zinazobeba habari hiyo, walikuta ni za miguu. Mguu huinuliwa, hurushwa mbele, kisha huvutwa chini na uzito wa dunia, na jicho letu limezoea mdundo huo kuliko kitu kingine chochote kinachosogea juu ya ardhi. Ndiyo maana visigino vya zile raba vilitosha.

Kifua, kwa upande wake, ndiyo sehemu ya mwili inayotulia kuliko nyingine tunapotembea. Kizibao humwambia dereva kwamba mbele kuna kitu, lakini hakimwambii kwamba kitu hicho kina mama na watoto nyumbani. Katika jiji ambalo pipa, kizuizi, kibao na nyuma ya lori vyote vimebandikwa vitambaa vya aina hiyohiyo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mguu utatoka kwenye mafuta au hautatoka.

Haya yamekwisha pimwa barabarani, wala si maoni yangu tu. Watafiti wa Marekani na Australia, wakiwamo Joanne Wood na Richard Tyrrell, wamewaweka madereva wa kweli kwenye barabara za kweli usiku na kuwataka waseme mara wanapomwona mtu. Waliovaa rifleta kwenye viungo walitambuliwa mara nyingi zaidi na kutoka mbali zaidi kuliko waliovaa kizibao kifuani. Jaribio jingine la Chuo Kikuu cha Michigan, la mwaka 1996, lilionyesha kwamba kuvaa kwenye vifundo vya mikono na miguu tu kunakaribia kufanya kazi sawa na kuvaa kwenye viungo vyote vikuu. Sehemu nne za mwili zinatosha. Wood, Tyrrell na wenzao wameona pia, tena na tena, kwamba mtembeaji hujidhania anaonekana kuliko anavyoonekana kweli. Yeye anaona taa za gari zinamjia, barabara imemulikwa mbele yake, basi anaamini kwamba dereva naye anamwona.

Kwa Dar es Salaam nitaongeza sababu mbili zetu wenyewe. Ya kwanza, taa za chini za gari huelekezwa kwenye lami, kwa hiyo mwanga humfikia mtu miguuni kabla ya kumfikia kifuani. Ya pili, tuko karibu na ikweta, na giza letu halina muda wa kuaga: jua likishazama, baada ya nusu saa hivi ni usiku kamili, na asubuhi za Juni na Julai jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu imepita, wakati watoto wengi wa shule wa Mbagala, Gongo la Mboto na Mbezi wameshasimama vituoni zamani wakigombea daladala, na wachuuzi wa samaki wameshafika Feri.

Sisemi vizibao vivuliwe. Dereva wa bodaboda ameketi, miguu yake imetulia, na kwake kizibao na taa nzima ya nyuma ndivyo vinavyofaa. Mtu aliyesimama tuli naye hawezi kunufaika sana na rifleta za miguuni mpaka atakapopiga hatua, na hakuna kitambaa kitakachomwokoa mtu na gari lisilo na taa. Lakini mwendesha baiskeli, ambaye magoti na vifundo vyake hupanda na kushuka muda wote, anafaidika sana. Hilo nalo limepimwa. Mfagia barabara, msukuma mkokoteni, mlinzi anayekwenda lindo, muuza maji, mwanafunzi, hawa wote wanafanya kazi au safari zao kwa miguu inayocheza, na ndio ninaowaandikia.

Kuhusu mama zetu na dada zetu wanaokwenda swala ya alfajiri au sokoni wakiwa wamevaa baibui jeusi, vifundo vya miguu havionekani, nami nisingependa ushauri wangu umlazimishe mtu kubadili vazi lake. Maoni yangu ni kwamba utepe mwembamba ushonwe kwenye pindo la chini na kwenye ncha za mikono, maana pindo hucheza na hatua na mkono hubembea. Wanaovaa kandambili wanaweza kubandika kipande nyuma ya kisigino, ingawa kitabanduka haraka na itabidi kibadilishwe.

Gharama isiwe kisingizio. Nilipopima nyumbani, kizibao kimoja chakavu kilitoa utepe wa kutosha watoto wawili, vifundo vyote vya mikono na miguu, ukishonwa juu ya lastiki ya kawaida ambayo mtoto huvaa juu ya soksi na kuivua akifika shuleni. Mjini vizibao vilivyochanika makwapa vinatupwa kila siku, na utepe wake bado mzima. Fundi cherehani yeyote anaweza kazi hii. Wakandarasi wa usafi wanaowavalisha wafagiaji sare wanaweza kuagiza suruali zenye utepe magotini na kwenye vifundo badala ya kuongeza upana wa utepe wa kifuani, na halmashauri za jiji zinaweza kuliandika hilo katika mikataba yao. Kamati za shule, ambazo kila Januari hutoa orodha ndefu ya mahitaji ya mwanafunzi, zinaweza kuongeza mstari mmoja katika orodha hiyo.

Nawaomba pia walimu wenzangu walifanye lile jaribio la tochi darasani. Mwanafunzi aliyemwona mwenzake akigeuka kutoka nyota kuwa mtu kwa hatua moja haambiwi mara ya pili kwa nini avae lastiki yake.

Nimeanza kwangu. Wajukuu wangu wawili wanatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro, na jioni hurudi wakati mwingine giza limeshaingia. Mama yao hutoka hadi getini, akainua tochi ya simu usawa wa jicho lake, na tangu kona ya duka la Mangi anaziona nukta zinakuja, nne nne, zikipishana juu ya vumbi. Mdogo anarusha mguu wa kushoto nje kidogo, kama babu yake. Huyo ndiye anayemtaja kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Mbezi, Dar es Salaam.